Nyumba Iliyopimwa kwa Shubiri

Gereji ya kando ya barabara kuu
3 Juni

Dada,

Shikamoo. Usianze kununa kwamba nimekuandikia kwa peni nyekundu. Ndiyo pekee aliyokuwa nayo fundi wa rejeta, na kuniazima kwenyewe kaniazima kwa masharti kama benki.

Lori limechemka tena. Mzigo ni magodoro, nimeyapanga mpaka juu, nikatupia turubali, nikakaza kamba, na sasa barabara nzima imegeuka wachekeshaji. "Dereva, unaenda kulala wapi?" Mmoja kanipungia mto dirishani, sijui kautoa wapi! Nacheka peke yangu kama mwehu. Kwenye mizani leo yule mkaguzi kalizunguka lori lote akimtafuta dereva mwanamume. Nikamwambia, "Mzee, dereva ndiye huyu unayemwambia apishe." Akauliza udereva nilisomea chuo gani. Nikamjibu nilisomea kiti cha pembeni. Si kweli? Nani alinifundisha gia? Macho yangu tu.

Sasa sikia. Kesho kutwa, rejeta ikipenda, nafika mji anaoishi Kaka. Barabara ya mzigo inapita pale pale. Namtafuta, namkalisha chini, namwambia Mama anazeeka na anamtaja, na kwamba nikirudi na lori tupu, kiti cha pembeni ni chake. Namleta, Dada! Mmenuniana tangu mimi navaa sare ya shule. Nimekua, nimejifunza injini, nimepewa lori la watu, nyie bado mmenuna.

Ningekupigia simu lakini hapana. Tangu siku ile Mama aliposikia sauti yangu kwenye simu, akaenda kunitafuta kabatini, akatoa nguo zote sakafuni huku akilia kwamba mmenifungia ndani, mimi na simu ya nyumba ile basi. Barua zitakuja na makondakta wa mabasi. Nawajua wote, wananiogopa.

Mama hajambo? Niambie ukweli.

Mdogo wako,
Cheche


Nyumbani
5 Juni

Cheche,

Marahaba. Ile nyekundu yako nilidhani naandikiwa na mwalimu wa hesabu.

Mama hajambo. Anakula, analala. Anasahausahau vitu vidogo kama watu wote wa umri wake. Usijijaze kichwani habari za kabati. Mimi niko na cherehani, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, na wapangaji hawaishi visa. Yule kinyozi wa chumba cha nyuma anataka nimhamishe, eti ukuta wake unaongea. Nimemwambia anyoe watu, aache kusikiliza kuta.

Kuhusu kaka yako. Mwambie Mama anamtaja, hilo ni kweli tupu. Usimwambie habari ya malumalu sebuleni wala madirisha mapya. Anajua nilivunja chumba cha Kitinda nikajenga vya kupangisha, na hilo lilimtosha. Wewe ulikuwa shuleni. Karudi kutoka kazini, kakuta matofali yamelala uani, kauchukua mlango wa kile chumba, kaupandisha kichwani, kaondoka bila hata kunywa maji. Mtu mzima na mlango kichwani, mtaa mzima unamtazama.

Ndiyo, mdogo wenu alifia mle. Homa haikumwacha hata afikishe umri wa kutamka jina lake vizuri. Sasa ndiyo wazima wasipate pa kulala? Miaka yote ile chumba kimefungwa, Mama anapita kwa kunyata, baba naye akafa akinyata. Mtu mmoja ilibidi ashike nyundo. Na mimi ndiye niliyebaki na Mama. Mwambie na hilo.

Hapana, usimwambie. Mlete tu.

Dada yako


Kwa Kaka
8 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimefika, nimemwona, na sijui nianzie wapi.

Kwanza yeye. Mzima. Kazeeka nyusi tu, au labda ni saruji. Alitoka na mwiko mkononi, kaniangalia, kaliangalia lori, kaniangalia tena.

"Wee Cheche. Nani kakupa lori?"

"Waliokosa dereva, Kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Vua viatu, nimesafisha sakafu."

Hivyo tu! Kama vile nilitoka asubuhi kwenda dukani. Mtaani wanamsifu, fundi mwashi hakuna kama yeye, tofali lake limenyooka kama mstari wa daftari. Nyumba kajijengea mwenyewe, nyuma ya ukuta mrefu, na majirani hawajawahi kukaribishwa ndani.

Dada, nilipovuka kizingiti ilibidi ninyanyue mguu kama napanda kwenye lori. Nikafikiri, aah, labda mvua za huku zinaingia ndani. Nikakaa kwenye benchi la saruji ukutani. Miguu ikaning'inia. Mimi, na urefu wangu huu! Nikasema naomba maji, na kabla hajajibu nikasimama mwenyewe, nikapita mlango wa kushoto, nikashuka kingazi, nikageuka kona ambako mtungi ulikuwepo. Nimeshika kata mkononi ndipo nikashtuka. Sijawahi kufika nyumba hii maishani. Nimejuaje?

Ni nyumba yetu, Dada.

Ni ile ya kabla hujaweka malumalu. Sakafu nyekundu. Ndoano ya taa ya baba. Ule ufa juu ya mlango wa jikoni, uliokuwa kama mguu wa kuku, upo! Kaupasua yeye. Fundi mzima kakaa, kapiga plasta mpya, kangoja ikauke, halafu kachukua patasi kauchora ufa.

Ila ni kubwa. Si kubwa ya kitajiri. Kila kitu kimepanda juu. Komeo la mlango liko usawa wa sikio langu. Rafu ya jikoni siifikii. Dirisha la sebuleni, lile tulilokuwa tukimngojea baba, kizingiti chake kinanigusa paji la uso, na Kaka kinamgusa kidevuni. Nikajisikia nina miaka minne. Nilitaka kulia nikakosa sababu.

Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa kijani. Ule ule aliobeba kichwani. Ndicho kitu pekee cha kimo cha kawaida, na kwenye ukuta ule mrefu unaonekana kama mlango wa sanduku. Tukipita hapo Kaka anashusha sauti. Na mimi nikashusha, bila kuambiwa.

"Nani analala mle?"

"Kitinda."

"Kaka, Kitinda alikufa."

"Najua alikufa. Nilibeba jeneza nikiwa mtoto, wewe ulikuwa umebebwa mgongoni. Lakini chumba ni chake."

Nikamwambia ya Mama, ya kiti cha pembeni, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu tu, "Nyumbani wapi tena, Cheche? Si umefika."

Asubuhi nimeamka nikasikia ule mlango wa kijani ukifungwa polepole, vile Mama alivyokuwa akiufunga asimwamshe mtu, kwa kuusukuma na kiganja. Nikatoka mbio. Kaka alikuwa nje, anachanganya mchanga na saruji, koleo mkononi. Nakwambia nilivyosikia, usiseme naongeza chumvi.

Nakwenda kushusha magodoro. Nikirudi nitapita tena kwake. Niandikie kwenye ghala la mzigo.

Cheche


Nyumbani
11 Juni

Cheche,

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini ya cherehani, nikaitoa, nikaisoma tena. Mtu amepewa mikono ya kujengea watu nyumba, anaitumia kujenga kaburi lenye jiko.

Usimlete. Sikiliza, nakwambia sababu, na usinikatize kama kawaida yako.

Nilikudanganya. Mama si wa kusahausahau. Kila siku jioni anafunga nguo zake kwenye shuka, anakaa sebuleni, hapo hapo alipotuzalia, ananiambia, "Nimekaa sana kwa watu, nipelekeni nyumbani." Namwambia, Mama, hapa ndipo nyumbani. Anaangalia malumalu. Ananionea huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. Mimi ananiita "shangazi", ananishukuru kwa chakula.

Na kinyozi hakudanganya. Mama anasimama pale ulipokuwa mlango wa chumba cha Kitinda, anagonga ukuta, anauliza kwa sauti ndogo, "Umeamka?" Siku ya kwanza kinyozi kaitika, "Nimeamka, nani?" Mama kafurahi kupita kiasi. Kalia kwa furaha, Cheche. Kinyozi wa watu hajapata usingizi tangu hapo.

Anamtaja kaka yako kutwa. Nikamwonyesha picha yake, ile ya alipopata cheti cha ufundi. Kaiangalia, kanirudishia. "Huyu ni baba mtu mzima. Mimi nakuuliza mwanangu, shangazi. Kijiko wangu ni mtoto." Kijiko! Jina hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Ukimleta atafukuzwa mlangoni kama mwizi, na sitaki nione uso wake siku hiyo, hata kama ni yeye.

Basi. Sasa unajua.

Dada


Kwa Kaka
15 Juni

Dada,

Shikamoo, shikamoo, na kaa chini.

Nimerudi kwa Kaka jana mchana, lori tupu linaruka kama mbuzi. Nimempa habari za Mama, nimemsomea barua yako. (Usinigombeze. Yote.) Alikwenda kukoroga chokaa, akarudi macho mekundu, akasema ni chokaa.

Leo nimegundua kwa nini nyumba ni kubwa! Nimechukua futi yake kwenye ndoo ya vifaa, nikaanza kupima ukumbi, akaninyang'anya. "Futi ni ya nyumba za watu," akasema. "Hii nimeipima kama baba alivyotufundisha."

Unakumbuka? Baba hakuwa na futi. Kipimo chako unatembea nacho, ndivyo alivyosema, na Kaka akiwa mdogo kabisa alikuwa akimtuma kupima nyumba yetu kwa shubiri. Kila ukuta, kila dirisha, mpaka mtoto kazikariri kama wimbo. Kaka bado anazo zote kichwani. Alinitajia! Ukumbi shubiri kadhaa, benchi shubiri kadhaa, dirisha usawa wa kidevu, kizingiti usawa wa goti. Na ndivyo alivyojenga, ukuta kwa ukuta, bila kukosea hata moja. Ila kwa mkono wa leo! Umeuona mkono wa Kaka? Ni koleo lenye vidole!

Nikacheka mpaka nikakaa chini. "Kaka, mkono wako umekua!"

Akauangalia mkono wake kwa muda. Hakucheka.

"Nyumba yetu ilikuwa kubwa, Cheche," akasema. "Nyie ndio mmesahau."

Na hapo kicheko kikanikauka, maana niliangalia juu, kwenye ndoano ya taa, na ni kweli, Dada. Ilikuwa juu vile.

Sasa wazo langu, usiruke. Mama anaomba apelekwe nyumbani. Umeshavunja, umeshatandika malumalu, huwezi kuirudisha, na silaumu. Lakini nyumba anayoitafuta ipo. Nimelala humo. Kaka hawezi kuja kwa Mama, basi Mama aje kwa Kaka. Nakuja na lori, natandika godoro kwenye kabini, naendesha kama nimebeba mayai.

Cheche


Nyumbani
17 Juni

Hapana. Mama si mzigo, na ile si nyumba. Ni ugonjwa wa mtu mmoja uliopigwa plasta. Ukimwingiza mle hatatoka.

Dada


Nyumbani
20 Juni

Cheche, njoo umchukue.

Nimeinamia cherehani kidogo tu. Katoka na mzigo wake wa shuka mpaka barabara kuu, kasimamisha malori, kawaomba wampeleke nyumbani. Dereva wa lori la mchanga kamwonea huruma, kampakia. Kamuuliza nyumbani ni wapi, Mama kasema, "Twende tu, nitakuonyesha." Tumempata mji wa pili, ameshushwa kituo cha mafuta, amekaa juu ya mzigo wake, anamngoja baba amfuate.

Nimempiga busu, nimemgombeza, kaniambia asante shangazi.

Sina nguvu tena. Mpeleke. Mimi siji. Siwezi kwenda kulala ndani ya nyumba iliyojengwa kunishtaki.

Dawa zake ziko kwenye mfuko wa kitambaa cha bluu. Asikae upande wa jua.

Dada


Kwa Kaka
27 Juni

DADA!

Shikamoo! Tumefika, na nakuandikia nimesimama maana kukaa siwezi!

Njiani alikuwa mtulivu, ananiita "dereva". Kila kijiji anauliza, "Hapa ndipo?" Nasema bado, Mama. Anasema, "Unaendesha vizuri, baba yako ni nani?" Nikamtajia baba. Akasema, "Namfahamu huyo, ni mtu mzuri, ila anachelewa kurudi." Ilibidi nisimamishe lori nijifanye naangalia tairi.

Tumeingia getini jua linaanza kulegea. Nilikuwa na hofu, Dada. Nikamshusha, nikamshika mkono. Kaka hakutoka kutupokea. Najua kwa nini, aliogopa ile habari ya picha. Alikuwa amesimama sebuleni, nyuma ya lile dirisha, anachungulia. Kichwa tu ndicho kinaonekana. Kidevu kimelala juu ya kizingiti.

Mama akasimama. Akauachia mkono wangu.

"Kijiko! Toa kidevu hapo, utajikata!"

Dada. Dada! Mtu ana ndevu! Ana mvi! Lakini kwenye dirisha lile, kidevu pale, kimo ni kile kile anachokikumbuka yeye. Kosa la mkono wa Kaka ndilo limemrudisha mwanawe!

Kaingia. Kizingiti kakipanda kwa mikono miwili, akacheka. Kaangalia juu kote, kaangalia ufa, akasema, "Baba yenu hajauziba tu." Kachukua ncha ya nguo yake, kaitemea mate, kamfuta Kaka saruji usoni. "Umecheza tope wapi wewe?" Na Kaka, fundi anayeogopwa na vibarua wa mji mzima, kasimama anafutwa, anasema, "Kwa jirani, Mama." Mimi akaniita Cheche. Hakuniita dereva tena. Cheche! Akaniambia nipenge kamasi.

Kisha akauliza, "Kitinda yuko wapi?"

Tukatazamana. Kaka akatembea mpaka mwisho wa ukumbi, kafungua mlango wa kijani, kaingia. Alikaa humo muda. Kisha akatoka, akaufunga polepole kwa kiganja, akasema, "Amelala, Mama."

"Basi msipige kelele," Mama akasema. Akafungua mzigo wake wa shuka, akaanza kupanga nguo kwenye rafu. Hajaufunga tena.

Tumeshinda, Dada. Ulisema hatatoka mle, na kweli hataki kutoka, na ni vizuri!

Wewe hajakuuliza bado. Usikasirike, amechoka na safari.

Cheche


6 Julai

Dada,

Shikamoo.

Mimi si mwandishi. Cheche yuko barabarani na mzigo wa mabati, kwa hiyo naandika mwenyewe.

Mama alikuwa anakula vizuri mpaka juzi. Dawa anakunywa. Usiku halii. Jikoni anapika akisimama juu ya tofali nililomwekea, kwa sababu rafu ziko juu. Anasema amefupika. Namwambia ndiyo.

Nimekosea kitu na sijui kukirekebisha.

Mama anajua kwamba mtoto wake mmoja alikufa. Mengine yamemtoka, hilo limebaki. Jioni anatuhesabu. Kijiko yupo. Cheche anakuja na kuondoka, lori lake analisikia. Kitinda amelala, nilimwambia mimi. Anabaki mmoja.

Siku za mwanzo alisimama getini akikuita. "Mkubwa! Mkubwa!" Sikukuandikia, nilidhani itapita. Jumapili hakwenda getini. Alijifunga kitambaa kichwani, akakaa chini sakafuni. Jirani wa mbele alikuja kuomba ngazi. Mama kamwambia binti yake mkubwa amefariki. Jirani kawaita wenzake. Watu ambao sijawahi kuwafungulia mlango wamejaa sebuleni kwangu, wamekaa kwenye yale mabenchi, miguu inaning'inia, wanalia. Wamenipa mkono mmoja mmoja. Nimepokea, Dada. Sikujua nifanye nini na mikono ya watu.

Anasema alikutuma maji asubuhi na hukurudi. Anasema yeye ndiye aliyekutuma. Anarudia hilo. Hali chakula tangu jana.

Nimemwambia uko hai. Kaniuliza, "Kama yu hai, mbona hayupo?"

Naweza kumwambia ukweli kuhusu Kitinda. Nilimketisha mbele ya ule mlango, nikafungua mdomo. Aliweka kidole kwenye midomo yangu, nisimwamshe. Siwezi kumzika tena mtoto yule mbele yake. Lakini pia siwezi kuendelea kupewa pole kwa ajili yako. Juzi nilijikuta nalia kweli, kama wewe uko ardhini, na tulikuwa hatujasemezana.

Cheche alinisomea kwamba nimejenga nyumba ya kukushtaki. Alikuonyesha vyumba vyote kwenye barua zake isipokuwa kimoja. Chumba chako kipo, kile cha upande wa jikoni. Kitanda kiko ukutani, chini yake pana nafasi ya viatu, na msumari wa mkoba wako wa shule nimeupigilia pale pale. Nilianza kukijenga hicho kabla ya cha Kitinda.

Njoo.

Kijiko


Nyumbani
9 Julai

Kijiko,

Marahaba.

Barua yako imenikuta kwenye cherehani. Nikasimama, nikaenda kujiangalia kwenye kioo. Usicheke. Kinyozi kaniona uani na uso wangu huo, kaniuliza nani amefariki. Nikamwambia mimi. Akasema pole, halafu akaomba ufunguo wa chumba kingine.

Mwandiko wako bado mbaya kama ulivyokuwa. Nimeusoma kila neno.

Usimwambie habari ya Kitinda. Mwache alale. Kwa sasa mimi naweza kuwa maiti ya Mama, nina mwili wa kustahimili, na yule mdogo alishafanya zamu yake. Ila mlazimishe anywe uji, hata kijiko kimoja kimoja. Mwambie ni wa msiba, hawezi kukataa mbele za watu.

Nimempa kinyozi nyumba aiangalie. Sare zimekwisha, nilizobakiza nimempa mwenzangu. Basi linaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo huenda barua hii na mimi tukaja pamoja, na kondakta akakukabidhi sisi wote wawili. Ikitangulia yenyewe, sikiliza.

Usinitangulizie maneno. Usije kituoni. Usimwambie Mama kuna mgeni, wala usimwambie "unaona sasa, huyu hapa". Niachie tu ndoo ya maji nje ya mlango wa jikoni, na iwe imejaa. Nitaingia nayo mwenyewe.

Naogopa, Kijiko. Umri wangu unaujua, kiuno kimeniisha kwenye cherehani, na mimi ndiye shangazi wa kushukuriwa. Naogopa atainua macho aone shangazi. Cheche ananiapia kwamba kwenye nyumba yako kila mtu anafupika, hata mimi itabidi ninyanyue ndoo mpaka kifuani kuvusha kizingiti. Haya. Nitainyanyua. Asiponijua, nitaiweka chini, nitatoka, na kesho yake nitaingia na nyingine. Na kesho yake nyingine. Mtungi ukijaa tutaoga, tutamwagilia, tutajua wenyewe.

Lakini akinijua, na akainuka pale chini akaniuliza kwa ule ukali wake nilikuwa wapi siku zote hizi, watu wanalia, sitamweleza kitu. Nitashusha ndoo, nitafuta jasho, nitamwambia, "Shikamoo Mama. Foleni ilikuwa ndefu."

Mkubwa